Raga ya shule: nguvu ya mpinzani hupimwaje kabla ya ziara ya nje?

Shule ya sekondari ya Kenya au Uganda inapopanga kupeleka kikosi chake cha raga Afrika Kusini au Uingereza, mazungumzo ya wazazi huanzia kwenye nauli na kuishia kwenye pasipoti. Lipo swali jingine ambalo halimo katika karatasi ya michango, nalo ndilo linaloamua kama ziara itakuwa ya manufaa au ya majuto: vijana watakaosimama upande wa pili wa uwanja wana nguvu kiasi gani?

Swali hilo linawahusu wasomaji wengi wa nchi jirani, kwa kuwa shule za bweni za Kenya na Uganda zimejaa wanafunzi kutoka Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mzazi aliyeko Kigali au Bujumbura hupokea fomu ya idhini ya mchezo ambao pengine hajawahi kuutazama kwa dakika kumi mfululizo, na hutakiwa kutia saini kabla ya Ijumaa.

Katika soka, timu dhaifu ikikutana na timu kali hufungwa mabao sita na kurudi nyumbani na aibu yake. Katika raga watu hugongana. Timu iliyozidiwa hutumia muda wake mwingi ikikaba badala ya kushika mpira, na kila ukabaji ni mgongano. Kadiri dakika zinavyosonga ndivyo miguu inavyochoka, kichwa cha mkabaji hukaa upande usiofaa, na hapo ndipo majeraha ya shingo, bega na ubongo hutokea. Kupima nguvu ya mpinzani, kwa hiyo, si suala la nani ataondoka na kikombe. Ni sehemu ya kuwalinda watoto.

Sheria zinalinda wapi, na wapi hazilindi

Shirikisho la raga la dunia, World Rugby, lina sheria maalumu kwa wachezaji wenye umri usiozidi miaka 19. Mechi yao huchezwa kwa dakika 70, yaani vipindi viwili vya dakika 35, badala ya dakika 80 za watu wazima. Katika skramu, pale wachezaji wanane wa kila upande wanapofungamana mabega na kusukumana, timu hairuhusiwi kuwasukuma wenzao zaidi ya mita 1.5 kuelekea mstari wao wa goli, wala kuizungusha skramu makusudi kupita nyuzi 45. Wachezaji watatu wa safu ya mbele lazima wawe wamefundishwa kazi hiyo. Wakikosekana waliofundishwa, mwamuzi huagiza skramu isiyo na kusukumana.

Kanuni hizo zimeokoa shingo nyingi. Hata hivyo, zinahusu skramu, na sehemu kubwa ya mchezo huchezwa nje ya skramu. Hakuna kifungu kinachomzuia kijana wa kilo 105 kukimbia na mpira kumwelekea kijana wa kilo 65. Katika baadhi ya maeneo ya New Zealand tatizo hilo limetafutiwa dawa kwa kuwapanga vijana kwa uzito katika baadhi ya madaraja. Kwingineko umri peke yake ndio mpaka, na umri, kama itakavyoonekana, ni kipimo chenye mianya.

Kuna hesabu nyingine ambayo waandaaji wa ziara huisahau. Kwa mujibu wa mwongozo wa World Rugby kwa raga isiyo ya kulipwa, mchezaji aliyepata mtikiso wa ubongo hatakiwi kurudi kwenye mechi ya kugongana kabla ya siku 21. Ziara nyingi za shule huchukua wiki mbili. Maana yake ni kwamba kijana aliyepata mtikiso katika mechi ya kwanza amemaliza ziara yake; atawatazama wenzake kutoka pembeni mpaka siku ya ndege. Kikosi cha wachezaji 25 kilichopoteza wanne kwa namna hiyo siku ya kwanza hubaki kikiwachezesha wengine mfululizo bila mapumziko, na uchovu huzaa majeraha mapya.

Jina la shule si kikosi

Kosa la kwanza katika kupima ni kutazama jina. Afrika Kusini ina shule ambazo majina yake yanajulikana kokote raga inakochezwa: Grey College ya Bloemfontein, iliyoanzishwa mwaka 1855, Paul Roos Gymnasium ya Stellenbosch, na shule mbili za mji wa Paarl, Paarl Gimnasium na Paarl Boys' High, ambazo mchuano wao huvuta maelfu ya watazamaji. Huku kwetu yako majina yenye uzito wake: Nairobi School na Lenana nchini Kenya, Rift Valley Academy iliyoko Kijabe, na kwa Uganda King's College Budo, Namilyango na St. Mary's College Kisubi.

Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Shule kubwa ya Afrika Kusini haina timu moja ya raga. Ina timu katika kila rika, kuanzia wenye miaka 14 hadi kikosi cha kwanza, na kila rika lina daraja A, B, C na kuendelea. Nyingi hutoa nafuu ya ada kwa vijana wenye vipaji wanaotoka mbali. Kikosi chake cha kwanza kinaweza kuizidi mno timu ya kwanza ya shule ya Afrika Mashariki, ilhali kikosi chake cha tatu kikawa mpinzani wa haki kabisa. Kwa hiyo barua inayosema tu kwamba "tutacheza na shule fulani" haijasema kitu. Swali ni: timu ipi ya shule hiyo, na itachaguliwa na nani siku hiyo?

Wenyeji nao wana tabia zao. Mechi dhidi ya wageni mara nyingi huangukia katikati ya wiki, kati ya mechi mbili muhimu za ligi yao au za uhasama wa jadi. Kocha mwenye akili hawachoshi nyota wake Jumatano wakati Jumamosi anakutana na mahasimu. Atachanganya kikosi. Mgeni aliyejiandaa kwa simba hukuta mwanasimba, na wakati mwingine huwa kinyume chake, pale mwenyeji anapokuwa na wiki tupu na wachezaji wenye hamu.

Tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya msimu

Mianya ya umri inatokana na mifumo ya elimu. Katika mfumo wa Kenya wa 8-4-4, ambao sasa unaondoka, mwanafunzi aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita na asirudie darasa humaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18. Uganda ina miaka saba ya msingi, minne ya sekondari ya kwanza na miwili ya juu, hivyo kijana wa S6 anaweza kuwa na miaka 19 bila udanganyifu wowote. Mwanafunzi wa darasa la 12 Afrika Kusini, au wa mwaka wa mwisho Uingereza, kwa kawaida ana 17 au 18. Mwaka mmoja ni mwingi katika umri huo. Mfupa na msuli huongezeka kwa kasi. Timu mbili zinaweza kukubaliana kwa maneno "kikosi cha kwanza kwa kikosi cha kwanza" na bado zikapishana kwa miezi 12 ya ukuaji. Jambo la busara ni kuandikiana tarehe ya kukatia umri, yaani mchezaji asiwe ametimiza miaka kadhaa ifikapo siku fulani, na kubadilishana orodha zenye tarehe za kuzaliwa.

Kalenda ya msimu ina uzito kama huo. Shule za Afrika Kusini hucheza raga kuanzia karibu mwezi Machi hadi Agosti. Uingereza huanza Septemba, na sehemu kubwa ya mechi zake za wachezaji 15 huchezwa kabla ya Krismasi. Kenya, kwa miaka ya karibuni, imeweka raga ya wachezaji 15 katika michezo ya muhula wa kwanza na ile ya wachezaji saba katika muhula wa pili.

Matokeo yake ni haya. Shule ya Kenya inayokwenda Johannesburg likizo ya Aprili, wakati wa matamasha ya Pasaka yanayoandaliwa na shule kama St John's na King Edward VII, inafika ikiwa imekwisha kukaangwa na mechi za muhula mzima, na inawakuta wenyeji ambao msimu wao ndio kwanza umeanza. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mgeni. Shule hiyo hiyo ikienda Agosti, mambo yamegeuka: wenyeji wako kileleni, na wageni wametoka kucheza raga ya wachezaji saba kwa miezi kadhaa, mchezo wenye mbio nyingi na skramu ya watu watatu tu. Ni vijana walewale, lakini skramu ya watu wanane ina wiki chache tu za mazoezi. Kocha anayelinganisha nguvu bila kutazama kalenda analinganisha embe la msimu na embe bichi.

Kusoma matokeo bila kudanganywa nayo

Mwaka 1905 timu ya taifa ya New Zealand ilifungua ziara yake ya Uingereza mjini Exeter dhidi ya Devon, moja ya kaunti zilizohesabiwa kuwa na nguvu. Wageni walishinda 55 kwa 4. Habari ilipozifikia ofisi za magazeti, inasimuliwa kwamba wahariri wengine walidhani kuna kosa, na wakaichapisha kana kwamba Devon ndiyo iliyoshinda. Hawakuwa wajinga. Hawakuwa na mpinzani wa pamoja wa kulinganishia. Ziara ile ilikwisha kwa ushindi wa mechi 34 kati ya 35. Wales pekee ndiyo iliyowafunga, 3 kwa 0 mjini Cardiff.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu ya aina hiyo, ingawa si ya shule. Mwaka 1955 timu ya Lions, inayounganisha Uingereza na Ireland, ilipita Nairobi ikitoka Afrika Kusini ambako ilikuwa imetoka sare ya 2 kwa 2 katika mechi nne kuu. Iliishinda timu ya Afrika Mashariki 39 kwa 12. Iliporudi mwaka 1962, matokeo yalikuwa 50 kwa 0. Mtu aliyetegemea mechi ya 1955 kukadiria ile ya 1962 angekosea sana: miaka saba ni mingi mno. Kwa shule, hata mwaka mmoja ni mwingi, maana theluthi au nusu ya kikosi huhitimu kila Desemba.

Njia inayotumika zaidi ni ya mpinzani wa pamoja: timu A ilimshinda B, B akatoka sare na C, kwa hiyo A ana nguvu kuliko C. Mnyororo kama huo unaweza kuunganishwa kutoka Nairobi hadi Cape Town. Mwaka 2019 Chipu, timu ya Kenya ya wasiozidi miaka 20, iliishinda Namibia 21 kwa 18 jijini Nairobi na kutwaa Kombe la Barthés la Afrika. Namibia nayo, kama Zimbabwe, imewahi kushiriki Craven Week, mashindano ya vijana wa shule wa majimbo ya Afrika Kusini yaliyoanza mwaka 1964 na kupewa jina la Danie Craven. Kwa hiyo ipo kamba, ingawa ni nyembamba, inayomfunga kijana wa Nairobi na kijana wa Free State.

Wembamba wake unatoka wapi? Mechi ya Nairobi ilikuwa ya wenye miaka 20, ile ya Craven Week ni ya wanafunzi. Kenya ilicheza nyumbani. Na tofauti ya alama tatu ni teke moja la penalti. Kila pete ya mnyororo huongeza kosa lake juu ya kosa la pete iliyotangulia. Baada ya pete tatu au nne, anayehesabu huwa anakisia tu, hata kama ameandika tarakimu.

World Rugby yenyewe inakiri udhaifu huo katika hesabu yake ya kupanga timu za taifa, inayotumika tangu mwaka 2003. Katika hesabu hiyo, timu ya nyumbani huchukuliwa kana kwamba ina alama tatu zaidi katika kiwango chake, kwa sababu uwanja, usingizi na mashabiki ni vyake. Ushindi wa tofauti ya zaidi ya alama 15 huhesabiwa mara moja na nusu, lakini baada ya hapo hakuna nyongeza: kushinda kwa 16 na kushinda kwa 60 ni sawa. Kocha wa shule hahitaji kompyuta ili kunufaika na fikra hiyo. Akiona mpinzani ameshinda 72 kwa 0, ajue tu kwamba kulikuwa na pengo. Ukubwa wa pengo hauonekani tena, kwa sababu timu iliyokata tamaa hufungwa na yeyote.

Afadhali kuzitazama alama zilivyopatikana. Trai ina alama tano, teke la nyongeza baada ya trai mbili, penalti tatu. Timu inaweza kushinda 21 kwa 20 kwa penalti saba huku ikiwa imefungwa trai nne. Karatasi itasema imeshinda. Mtu anayeipima atasema ina mpigaji mmoja hodari na ukuta unaovuja, na kwamba ugenini, mbele ya mwamuzi mwenye tafsiri nyingine ya makosa, penalti hizo saba huenda zisipatikane.

Mkanda wa video, ardhi na hewa

Siku hizi mechi nyingi za shule za Afrika Kusini hurushwa mtandaoni, na hilo limepunguza kiza. Tatizo ni kwamba watu hupenda kutazama vipande vya trai tamu. Vipande hivyo havipimi kitu. Kinachofaa ni mechi nzima, na hasa dakika 20 za mwisho: je, mafowadi wanainuka haraka kutoka chini? Wanarudi kwenye mstari wao wa ulinzi wakitembea au wakikimbia? Wachezaji wa akiba wanapoingia, kiwango kinashuka au kinabaki? Shule yenye akiba dhaifu huweza kuzuilika kwa dakika 40 na kuanguka baadaye. Shule yenye akiba nzito ndiyo ya kuogopwa, maana huongeza nguvu wakati mgeni anapopungukiwa na pumzi.

Ardhi nayo hubadilisha mizani. Majira ya baridi ya nyanda za juu za Afrika Kusini, Bloemfontein na Johannesburg, ni makavu. Uwanja huwa mgumu na mchezo huwa wa kasi. Upande wa Cape, baridi huja na mvua, na mechi huweza kugeuka kuwa mieleka ya matope ambamo uzito wa mafowadi hutawala. Timu nyepesi yenye mbio, kama zilivyo nyingi za Afrika Mashariki, inaweza kuwa sawa na mpinzani fulani Johannesburg na kuzidiwa mbali na mpinzani wa kiwango hicho hicho Paarl.

Kuhusu hewa, Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na Johannesburg takriban 1,750, kwa hiyo kijana wa Nairobi hapotezi pumzi kule. Kijana wa Kampala, iliyo kwenye mita 1,200 hivi, atahisi kidogo. Anayeshuka hadi Cape Town atapumua vizuri, ila mpigaji wake ataona mpira ukianguka kabla ya pale alipozoea, kwa kuwa hewa ya chini ni nzito zaidi.

Barua kati ya shule na shule

Ziara ya kuvuka mpaka huhitaji kibali cha shirikisho la raga la nchi inayotoka na la nchi inayopokea, na wahusika wengi hudhani kibali hicho ndicho mwisho wa kazi. Kazi yenyewe hufanywa katika barua kati ya makocha wawili, na hapo ndipo unyofu unapohitajika kuliko mahali pengine popote.

Kujisifu ni hatari iliyo wazi. Shule inayoorodhesha vikombe vyake vya miaka kumi ili ipate mwaliko wa heshima itapewa mpinzani wa kufanana na orodha hiyo, si wa kufanana na vijana wa mwaka huu. Unyenyekevu wa kupita kiasi una hasara yake pia, ingawa huzungumzwa mara chache: mwenyeji akiambiwa kwamba wageni "wanajifunza tu", ataleta timu yake ya nne, wageni watashinda 60 kwa 0, na wazazi watakuwa wamelipia safari ya kilomita maelfu ili watoto wao wafanye mazoezi ambayo wangeyapata mtaani. Barua nzuri hutaja idadi ya wachezaji wa safu ya mbele waliofundishwa, wastani wa uzito wa mafowadi, umri, wiki ambazo kikosi kimefanya mazoezi ya raga ya wachezaji 15, na matokeo matano ya mwisho, yakiwemo ya kushindwa. Huomba mwenyeji naye ataje hayo hayo.

Mpangilio wa mechi ni sehemu ya upimaji. Makocha wazoefu huweka mpinzani wa wastani mwanzoni, siku mbili au tatu baada ya kutua, na mkali zaidi katikati, wakati kikosi kimepumzika na bado hakijapungua. Mechi ya kwanza hiyo ndiyo kipimo cha kweli cha kwanza, na ratiba inayofaa huacha nafasi ya kuirekebisha. Ikionekana kwamba makadirio yalikosea, wenyeji wa mechi zinazofuata huombwa wabadilishe kikosi A kwa B, au vipindi vipunguzwe, au skramu zichezwe bila kusukumana, au wachezaji kadhaa wa kila upande wabadilishane jezi kwa kipindi cha pili.

Ombi kama hilo hutolewa na kocha usiku wa mechi ya kwanza, kabla wenyeji wanaofuata hawajatangaza kikosi chao. Mzazi anayetaka kujua kama safari imepangwa vizuri anaweza kuuliza jambo hilo moja kabla ya kutia saini fomu: nani ana mamlaka ya kuifuta au kuibadilisha mechi ya pili, na je, wenyeji wameshaambiwa kwamba jambo hilo linawezekana?